Jinsi ya kulisha, kukata na kurutubisha malisho bila kuumiza mizizi

Mfugaji ukimuuliza malisho yake yakoje atakuambia urefu wa nyasi na rangi yake, basi. Ndo kinachoonekana. Ila kwenye malisho ya nyasi sehemu kubwa ya mmea iko chini ya udongo, mara nyingi ni zaidi ya nusu ya uzito wake wote, na kila unachofanya huku juu, kuingiza ng'ombe, kufyeka, kumwaga yuria, kuchoma moto, kupitisha trekta, huko chini kinajibiwa ndani ya siku chache tu hata kama wewe juu bado unaona kijani kilekile. Na hilo jibu ndo litaamua ukame ukipiga nani anakaukiwa wa kwanza. Kwa hiyo humu nitaeleza namna ya kuamua mambo ya malisho kwa kuangalia mizizi, sio majani peke yake, na nitakaa zaidi kwenye kulisha maana huko ndo wengi wanaumiza nyasi bila kujua.

Anza na chepe

Kabla hujabadilisha chochote chukua chepe uende malishoni siku ambayo udongo una unyevu wa wastani, sio tope wala sio vumbi. Chimba bonge la kama sentimita 20 kwa 20, kina sentimita 30. Kwa nini 30? Kwenye nyanda za nyasi za maeneo ya baridi na wastani, asilimia 80 hadi 90 ya mizizi iko ndani ya hizo sentimita 30 za juu. Savana za joto mizizi inashuka zaidi lakini hata huko sehemu kubwa utaikuta humohumo. Chimba sehemu tatu: palipo pazuri, palipochoka, na pale kwenye ukingo wa fensi ambapo midomo ya mifugo haifiki. Hapo kwenye ukingo usiparuke, maana ni udongo uleule na mvua ileile, tofauti ni matumizi tu, kwa hiyo ukiweka bonge la ndani ya fensi na la nje pembeni kwa pembeni unaona kazi ya mikono yako mwenyewe.

Bonge usilikate na chepe, livunje kwa mikono taratibu lipasuke linapotaka lenyewe. Sasa angalia. Mizizi inayofanya kazi ina ncha nyeupe au za rangi ya krimu, ina vinyweleo, na ukiinyanyua inakuja na udongo umeing'ang'ania pande zote, hautoki kirahisi hata ukiutikisa. Hiyo ni dalili nzuri sana kwa sababu ule udongo umegandishwa na utomvu unaotolewa na mizizi pamoja na nyuzi za kuvu wanaoishi nayo. Mizizi iliyokufa ni ya kahawia iliyoiva, imelegea, ukiivuta gamba lake la nje linavuka na kubaki uzi mwembamba katikati. Kuwa na mizizi iliyokufa sio tatizo, mizizi ya nyasi inakufa na kuzaliwa kila msimu na hiyo iliyokufa ndo inayojenga mboji. Tatizo ni pale unapokuta iliyokufa tupu na ncha nyeupe hakuna wakati ni msimu wa kukua.

Angalia na mwelekeo pia. Ukiona mizizi inashuka vizuri afu ikifika sentimita 8 au 10 inakata kona na kutambaa kwa ubavu, hapo chini kuna tabaka gumu. Thibitisha kwa chuma chembamba, spoku ya baiskeli inatosha, uisukume ardhini udongo ukiwa na unyevu, utasikia mkononi kabisa inapogoma. Wataalamu wana kifaa cha kupima huo ukinzani na wanasema ukifika kama megapaskali 2 (kipimo cha shinikizo) mizizi ya mimea mingi inakwama, lakini kwa kazi ya shambani mkono wako unatosha ili mradi ulinganishe sehemu na sehemu siku hiyohiyo.

Kingine ni zulia. Kuna malisho ukichimba unakuta juu kuna tabaka la majani makavu na mizizi iliyosongamana, haliozi, limekaa tu. Mara nyingi hapo udongo umechachuka sana na minyoo ya ardhini imehama. Pale Rothamsted Uingereza kuna jaribio la nyasi za hei, yaani za kukata na kukausha, linaloitwa Park Grass, limeanza 1856 na linaendelea mpaka leo, na vile vipande vya shamba vilivyowekewa mbolea ya sulfeti ya amonia miaka na miaka bila chokaa vilifikia huko, asidi ikawa kali, masalia yakarundikana juu badala ya kuoza, na aina za mimea zikabaki chache mno.

Ukitaka kuona vizuri zaidi loweka bonge kwenye ndoo usiku kucha, asubuhi ulisuuze kwa maji ya polepole juu ya chekeche. Piga picha pamoja na rula, andika tarehe. Mwaka ujao rudia msimu uleule, maana mizizi ya mwanzo wa mvua na ya mwisho wa kiangazi haifanani kabisa na ukilinganisha misimu tofauti utajidanganya.

Kwa nini ukikata jani unakata mzizi

Mzizi haujilishi. Sukari yake yote inatoka kwenye jani, kwa hiyo jani likiondoka ghafla mmea unaamua, kwanza narudisha jani, mzizi utasubiri. Mtafiti wa Marekani anaitwa Franklin Crider alichapisha mwaka 1955 majaribio yake ya kukata nyasi na kuangalia mizizi, na zile namba bado zinafundishwa: ukiondoa asilimia 40 ya majani au chini ya hapo mizizi inaendelea kukua kama kawaida, ukiondoa 50 ni asilimia 2 mpaka 4 tu ya mizizi inayosimama, ukifika 60 nusu ya mizizi imesimama, na ukifika 80 yote inasimama, yaani hakuna mzizi hata mmoja unaorefuka, kwa siku 12. Asilimia 90 ni siku 17. Huko ni kukata mara moja tu. Sasa fikiria ng'ombe anarudi kwenye shina lilelile kila baada ya siku nne.

Namba hizo zinabadilika kwa aina ya nyasi na hali ya hewa, usizishike kama amri. Ila angalia umbo lake: kati ya kuondoa nusu na kuondoa robo tatu kuna mteremko mkali sana. Ukizidisha kidogo kwa mdomo wa ng'ombe unazidisha mno kwa mzizi. Ndo maana ule usemi wa chukua nusu acha nusu una mantiki, sio huruma tu kwa nyasi.

Hapa kuna jambo linaloeleweka vibaya mara nyingi. Watu wanasema nyasi zinachipua tena kwa akiba iliyoko kwenye mizizi. Kwa nyasi nyingi akiba kubwa haiko huko, iko kwenye kitako cha shina, zile sentimita 5 hadi 10 za mwisho juu ya udongo, pamoja na majani yaliyobaki. Ukifyeka mpaka chini unakuwa umeondoa jani na akiba kwa pamoja, na mara nyingine na kile kichomozo chenyewe kinachotoa jani jipya. Lusini, yaani alfalfa, mmea wa malisho wa jamii ya kunde, ni habari nyingine, yenyewe inahifadhi kwenye mzizi mkuu na kichwa chake, kwa hiyo inavumilia kukatwa chini kiasi lakini haivumilii kukatwa mapema mara kwa mara kabla haijarudisha akiba.

Kuhesabu majani badala ya kuhesabu siku

Kosa linaloonekana sana ni kupanga mzunguko kwa kalenda, siku 21 au siku 30 mwaka mzima. Nyasi hazijui kalenda. Msimu wa mvua na joto zinarudi haraka, msimu wa baridi au ukavu zinachukua mara mbili au tatu ya muda huo. Kipimo kizuri kipo kwenye mmea wenyewe na kukisoma unahitaji kuchuchumaa tu.

Shika chipukizi moja, yaani kale kashina kamoja ndani ya shina lote la nyasi. Tafuta jani lililong'atwa mara ya mwisho, utalijua kwa sababu ncha yake ni butu au imechanika, halijachongoka. Hilo usilihesabu. Kuanzia hapo hesabu majani mapya yenye ncha nzima, na lile linalochungulia bado katikati lihesabu kama nusu. Nyasi ya raigrasi inabeba majani hai kama matatu kwa wakati, likija la nne la kwanza linakufa, kwa hiyo wakati wa kurudisha mifugo ni kati ya jani la pili na nusu na la tatu. Nyasi ya kikuyu inaenda mpaka kama manne na nusu. Kwa nyasi nyingine unayotumia chunguza mwenyewe ni jani la ngapi likitoka ndo la chini linaanza kuwa njano, hapo ndo kikomo chake.

Sababu ya hii kitu ni mpangilio wa mmea. Baada ya kung'atwa sukari inaenda kwanza kwenye jani jipya, mizizi imesimama. Jani la pili likikaribia kukamilika, mizizi inaanza tena kukua, na vichipukizi vipya ndo vinakuja mwisho kabisa. Ukirudisha ng'ombe kwenye jani la kwanza na nusu kila mara, mmea unapata jani ila mzizi haupati zamu yake. Juu utaona kijani, tena kijani kibichi kizuri, na chini mizizi inapungua mzunguko kwa mzunguko mpaka siku moja ng'ombe anavuta jani na shina zima linang'oka. Ukiona mashina yaliyong'olewa yamelala juu ya ardhi na mizizi yake mifupi, usilaumu mbegu.

Upande wa pili ni muda wa kukaa. Ng'ombe wakikaa padoki moja, yaani kipande kimoja cha malisho kilichozungushiwa fensi, zaidi ya siku chache wataanza kula chipukizi jipya la shina walilokula siku ya kwanza, tena wanalipenda maana ni laini. André Voisin wa Ufaransa alisisitiza sana hili miaka ya 1950, muda wa kupumzika uwe mrefu wa kutosha na muda wa kukaa uwe mfupi wa kutosha, kwamba idadi ya ng'ombe peke yake haikuambii kitu kama hujui wamekaa muda gani. Mi naona hapo alipiga kwenyewe. Ng'ombe wengi kwa muda mfupi wakaondoka wanaweza kuacha mizizi salama kuliko ng'ombe wachache wanaozurura mwaka mzima.

Na kama unadhani kulisha kwenyewe ndo adui wa mizizi, angalia Serengeti. Samuel McNaughton na wenzake walichapisha mwaka 1998 vipimo vya mizizi kule, na hawakukuta ushahidi kwamba kuliwa sana na wanyamapori kunapunguza mizizi au ukuaji wake. Wale nyumbu wanakula kwa nguvu lakini wanahama na mvua, na nyasi zenyewe zimezoeana nao kwa vizazi. Ukiweka fensi umemzuia mnyama kuhama, basi kazi ya kuhamisha imekuwa yako.

Urefu wa kuacha

Nyasi zinazotambaa kama ukoka na kikuyu zinaweka vichomozo na akiba chini kabisa, hata ndani ya udongo, na zinaota mizizi kila pingili inapogusa ardhi, kwa hiyo sentimita 5 zinatosha. Nyasi za Rhodes ziachie 10 hadi 15. Guinea na brakiaria zinazosimama ziachie zaidi, 20 na kuendelea kwa Guinea. Nepia usikate chini ya 10. Nyasi za asili za mashina kama Themeda ni dhaifu kwenye kurudiwarudiwa, hizo zipewe mapumziko marefu, na mara moja kwa miaka kadhaa zipumzishwe msimu mzima wa kukua zitoe na mbegu.

Halafu usipime kwa wastani. Ukitupa macho padoki nzima unaweza kusema hapa nusu imeliwa, kumbe kuna shina limeliwa asilimia 90 na jirani yake halijaguswa. Kwa mizizi hiyo sio nusu, ni shina moja linalokufa na moja linalozeeka. Tembea, kila hatua kumi angalia shina lililo mbele ya kiatu chako, andika limeliwa au halijaliwa na limebaki urefu gani. Ukiona madoa yaleyale yanaliwa kila mzunguko punguza ukubwa wa padoki, waya mmoja wa umeme unatosha kugawa, au hamisha maji na jiwe la chumvi upande usioliwa.

Kutolisha kabisa nako sio dawa. Nyasi za mashina zikiachwa miaka bila kuliwa, kukatwa wala kuungua, majani makavu yanajaa katikati, mwanga haufiki kwenye kitako, vichipukizi vinapungua na shina linaanza kufa kuanzia katikati linabaki duara tupu. Mizizi ya katikati inaenda nayo.

Kwato na matairi

Mizizi inahitaji hewa kama inavyohitaji maji, na udongo ulioshindiliwa hauna. Kwato zinashindilia zaidi zile sentimita 5 hadi 15 za juu, ndo palepale mizizi mingi ilipo, wakati trekta na trela lenye mzigo vinashuka chini zaidi na uharibifu wa huko haurudi haraka. Udongo mkavu unabeba uzito, udongo uliolowa haubebi, kwa hiyo karibu madhara yote yanafanyika siku chache za tope. Kanyaga kwa kisigino ugeuke robo duara: kama kisigino kinazama na maji yanachuruzika kuingia kwenye shimo, mifugo isiingie. Kuwa na padoki moja ya kutoa sadaka, ile ambayo umekubali itachakaa, wapeleke hapo na hei mpaka pakauke, utairekebisha yenyewe peke yake badala ya kurekebisha shamba zima.

Kupasua udongo kwa chuma kirefu cha trekta kunasaidia pale tu tabaka gumu limeonekana kwenye chepe na udongo wa hicho kina umekauka kiasi cha kupasuka, ukifanya ukiwa umelowa unachora tu mfereji wenye kuta laini. Na baada ya hapo pumzisha, kwa sababu zile nyufa zinashikiliwa na mizizi mipya, isipoingia zinajifunga tena. Kwa ugumu mdogo wa juu kwa kawaida mapumziko, minyoo na mizizi yenyewe vinatosha, ila inataka subira ya misimu.

Hapo nisisahau dundu wa kinyesi. Wanazika samadi na kuchimba vijia ambavyo hewa, maji na mizizi vinafuata. Dawa za minyoo ya tumboni za kundi la ivermektini zinatoka kwenye kinyesi na zinaua mabuu wao, kwa hiyo usiwape mifugo wote dawa kwa mazoea, pima kinyesi kuona kama kina mayai ya minyoo, tibu wanaohitaji, na usitibu msimu ambao dundu wamejaa kama unaweza kungoja.

Mbolea: jani litakudanganya

Naitrojeni inaongeza majani haraka kuliko mizizi. Mmea ukipata naitrojeni bwerere hauna haja ya kutuma sukari nyingi chini kutafuta, kwa hiyo uwiano wa mzizi kwa jani unashuka. Kwenyewe sio kosa, jani zaidi ni sukari zaidi na mizizi inaweza kupata sehemu yake, lakini tunachofanya wengi ni kuweka yuria, kuona nyasi zimepanda, kuongeza ng'ombe, na kufupisha mapumziko. Hapo umechukua faida yote juu na chini umeacha mizizi michache kuliko mwanzo, afu jua likiwaka wiki mbili unashangaa. Weka kidogokidogo, weka wakati jani jipya limeshaanza kutoka na udongo una unyevu, na usiweke karibu na mwanzo wa kiangazi maana utakuwa unalazimisha jani wakati mmea unatakiwa ujenge mizizi na akiba.

Mikunde, yaani mimea ya malisho ya jamii ya kunde, haipendi naitrojeni nyingi. Kwenye klova, desmodiamu au lusini chimba utoe vinundu kwenye mizizi, pasua kimoja kwa kucha. Ndani pakiwa pinki au pekundu kinafanya kazi ya kukamata naitrojeni ya hewani, pakiwa kijani, kijivu au peupe hakifanyi. Vinundu vikiwa hai mbolea ya naitrojeni ni hasara mara mbili, umelipia kitu ulichokuwa unapewa na umewanyamazisha bakteria wa kwenye vinundu waliokuwa wanakupa.

Fosforasi haisafiri kwenye udongo, mzizi ndo unaifuata, na kuvu wa mizizi wanaongeza ule ufikiaji. Ikipungua mizizi michanga inasuasua na mikunde inapotea kwanza. Pima udongo kabla ya kuweka, ukizidisha mmea unaacha kuwalisha wale kuvu. Kuhusu chokaa, pH (kipimo cha uchachu wa udongo) ikishuka chini ya takriban 5 alumini inayeyuka kwenye maji ya udongo na inachoma ncha za mizizi, utaona kwenye chepe mizizi mifupi, minene, imevimba ncha bila matawi membamba. Chokaa inayomwagwa juu ya malisho inashuka polepole mno, sentimita chache kwa miaka, kwa hiyo anza mapema, na kama unalima kupanda upya ndo nafasi ya kuichanganya chini.

Anayekata hei anasahau potasiamu. Kila tani ya hei kavu inaondoka na kama kilo 15 hadi 25, na ukikata miaka mfululizo bila kurudisha samadi au majivu au mbolea yake, mizizi inadhoofika na mikunde inatoweka hata kama yuria ipo ya kutosha. Kata nyasi zinapoanza kutoa maua, panga kisu juu, na kwenye vilima vya shamba kisu kisikwangue ardhi maana pale kilipokwangua magugu ndo yataota. Ukimaliza kukata usiingize mifugo hapohapo kusafisha, acha majani mawili matatu yatoke.

Moto

Kwa mizizi moto wenyewe sio mbaya hivyo, joto halishuki sana, sentimita chache tu chini udongo unakuwa salama, na pale nyasi zimezoea kuungua, kama nyanda za Konza kule Kansas, Marekani, ambapo watafiti wamejaribu kwa miongo, moto unasafisha masalia, udongo unapata joto na nyasi zinaota kwa nguvu juu na chini. Kinachoua ni kinachofuata. Nyasi zinachipua baada ya moto, ng'ombe wanakimbilia pale kwa sababu ndo laini, zinaliwa kwenye jani la kwanza. Kama lazima uchome, basi uwe na uwezo wa kuzuia mifugo mpaka majani matatu yatimie, kama huwezi kuzuia usichome. Naitrojeni nyingi ya majani inaenda na moshi pia, kwa hiyo kila mwaka ni mno kwa udongo maskini.

Kupanda upya

Mche wa nyasi unaanza na mizizi michache ya mbegu ambayo ni ya muda tu, mizizi ya kudumu inatoka kwenye shingo karibu na uso wa udongo na inahitaji pale juu pawe na unyevu siku kadhaa mfululizo. Ndo maana mbegu zinaota vizuri afu zinakufa zote, uso ulikauka kabla mizizi ya pili haijashika. Panda juujuu, shindilia kidogo udongo ugusane na mbegu, na panda wakati mvua imeshatulia kweli. Kabla ya kulisha mara ya kwanza fanya kama ng'ombe: shika jani ulizungushe kwenye vidole na uvute kwa kishindo. Jani likikatika, tayari. Mche ukitoka na mizizi, ngoja, na rudia sehemu nyingi maana shamba halishiki kwa pamoja. Mara ya kwanza ingiza wanyama wepesi, ndama au kondoo, wapite haraka.

Changanya aina. Nyasi moja fupi ya mizizi ya juu inabaki na maji ya juu tu. Kwenye savana za Llanos huko Kolombia watafiti walichapisha mwaka 1994 kwamba nyasi za Kiafrika zenye mizizi mirefu, Andropogon gayanus na Brachiaria humidicola, ziliweka kaboni nyingi chini kuliko nyasi za asili za pale, na sehemu kubwa ilikuwa kina ambacho jembe halifiki. Ukichanganya na mkunde mmoja au miwili wa mzizi mkuu unapata tabaka zote zinafanya kazi.

Kiangazi na mvua ya kwanza

Majani yanayobaki wakati wa kuingia kiangazi ndo yanayokinga kitako cha shina na jua, yanapunguza joto la udongo, na ndo mahali akiba ilipo. Kwa hiyo mzunguko wa mwisho kabla ya ukavu acha nyasi ndefu kuliko kawaida hata kama moyo unauma kuona chakula kimesimama. Punguza mifugo mapema, wakiwa bado na mwili, kuliko kusubiri.

Mvua ikirudi, kijani kinatokea ndani ya siku chache na hapo ndo mtihani. Lile jani la kwanza limetengenezwa kwa akiba ya mwisho, mizizi mingi mifupi ilikufa kwenye ukavu na mipya haijatoka. Waache mifugo kwenye padoki ya sadaka na hei yoyote iliyopo, chimba na chepe kila baada ya siku kadhaa, na ukiona ncha nyeupe zimetoka kwenye vitako vya mashina na kila chipukizi lina majani mapya matatu, fungua padoki moja, ile iliyobaki na nyasi ndefu zaidi mwishoni mwa msimu uliopita, waonje juu tu na uwahamishe.